Msalaba kwenye Kitambaa cha Mama

Juzi nilimwona tena, kwenye kioo cha dirisha langu hapa Bungulu: nondo mwembamba, mabawa ameyakunja kama vijiti, umbo lake lote msalaba mdogo wa rangi ya majani makavu. Nikakumbuka siku moja ya vita, utotoni.

Mchana ule mimi na mama tulilala kifudifudi katika shamba letu la viazi vitamu, Butembo. Udongo ulinuka mvua. Barabarani kulisikika buti na sauti za Kilingala, lugha ya askari. Nondo kama huyo akatua kwenye kitambaa cha kichwa cha mama. Mimi misalaba niliijua ya makaburini, nikaamini amemchagua mama afe. Nikanyoosha mkono nimfukuze.

“Mutoto wangu, hapana tikisa majani,” mama akanong’ona. “Basoda batatuona.”

Nikaurudisha mkono, nikalia bila sauti.

Buti zilipoishia mbali, mama aliinuka mzima, akapangusa magoti, akaanza kuchuma matembele yaliyojaa matundu.

Leo najua kwamba matundu yale ni ya viwavi wa nondo yule. Walikula majani yale yale tuliyokula sisi. Na nondo mwenyewe mchana hutulia kama kijiti, asionekane. Hakumfuata mama. Alikuwa amejificha, kama sisi.