Jinsi alama ya + ilivyokausha nyanya za mama mkwe mtarajiwa

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi niko Voi, mtaa wa Kaloleni, na riziki yangu ni kuandika code. Haya ninayosimulia yamenipata mwenyewe mwaka huu, na sitaruka hata pale ninapoonekana mjinga. Ni pengi, jiandaeni.

Niko na Wakesho miaka miwili sasa. Kwao ni Ronge, juu mlimani. Mama yake ni mjane, analima nyanya na kabichi kwa maji ya mtaro. Wazazi wangu ni Wakamba wenye duka la nafaka hapa mjini. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu: mama akubali wazee wetu wapande kwake wakajitambulishe.

Hakuwa amekataa. Alikuwa anasema "tutaona."

Wenye wakwe mnaijua hiyo "tutaona."

Basi nikaamua nimwonyeshe kwamba binti yake amepata mtu wa maana.

Kikundi chao cha maji kina wakulima kama ishirini na mtaro mmoja unaotoka kwenye chemchemi juu mlimani. Kila mtu ana zamu ya saa moja. Anayesimamia ni Mama Mghoi, mama mkali mwenye daftari na simu ya mulika mwizi.

Utaratibu wake ulikuwa hivi: anainua ubao unaoziba mtaro kule juu, maji yanashuka. Yakifika shambani kwako, unamflash. Hapo ndipo saa yako inaanza kuhesabiwa.

Niliposikia hivyo nilicheka moyoni. Kilimo cha mlima mzima kinategemea missed call!

Nikawaandikia system, tena bure. Inapanga zamu na kutuma SMS: fungua saa fulani, funga saa fulani. Siku ya kuizindua nilibeba projekta hadi ukumbi wa kanisa, nikawafundisha wakulima maana ya inheritance. Nawaapia, wakuu. Slaidi tatu. Walipiga makofi kwa adabu, kisha mzee mmoja akauliza kama laptop inakula stima nyingi.

Kwa wasio wa fani, ngoja nieleze. Nilitengeneza class, yaani kiolezo, inaitwa Shamba: ina jina la mwenyewe na zamu ya dakika sitini. Halafu nikatengeneza class ya pili, ShambaLaChini, kwa mashamba ya mbali kama la mama, inayorithi kila kitu cha Shamba na kuongeza kitu kimoja tu: dakika hamsini za maji kusafiri, maana mtaro ni mrefu na udongo unakunywa kwanza. Mashamba ya juu yanabaki kuwa Shamba. Safi kabisa.

Wiki za kwanza mambo yalienda sawa. Hata Mama Mghoi alianza kuniita injinia.

Ningeachia hapo.

Lakini kikundi kina desturi ya kuunganisha zamu. Majirani wawili wakikubaliana wanapewa maji kwa mfululizo, ubao unainuliwa mara moja tu. Mtu mwenye akili angeandika function ya kawaida, aiite unganisha, aende akanywe chai. Mimi nikafanya operator overloading. Yaani niliifundisha alama ya kujumlisha kazi mpya: ukiweka + kati ya mashamba mawili, unapata zamu moja ya pamoja. Ulikuwa mstari mfupi wa kupendeza. Niliupiga screenshot nikaweka status.

Na niliijaribu, msiniseme sikujaribu. Kila mara, kwa heshima, nilimtanguliza mama mkwe: Mama Wakesho + Mwakio. Huyu Mwakio ni jirani yake wa upande wa juu. Jibu lilitoka sahihi kila mara.

Kumbe Ronge hawaandiki hivyo. Maji yanatoka juu, kwa hivyo wa juu anaandikwa kwanza. Mama Mghoi akaingiza kwa SMS Mwakio + Mama Wakesho.

Sasa, code yangu ilikuwa inafuata aina ya yule aliye kushoto. Kushoto akiwa mama, zamu ya pamoja inakuwa ShambaLaChini na zile dakika hamsini zinahesabiwa. Kushoto akiwa Mwakio, jibu linakuwa Shamba tu, na dakika hamsini zinapotea kimya kimya. Hakuna error, hakuna onyo.

SMS ikasema: fungua saa mbili asubuhi, funga saa nne. Mwakio akamwagilia saa yake yote. Saa tatu maji yakaanza kushuka kwa mama, yakafika saa nne kasoro dakika kumi. Saa nne kamili Mama Mghoi akashusha ubao, kwa sababu system imesema.

Dakika kumi, kwa nyanya zilizo kwenye maua.

Mama aliflash kama kawaida. Akaambiwa siku hizi hatuhesabu hivyo, injinia ameshapanga. Angelalamikia nani, na injinia mwenyewe ndiye anayetaka kuwa mkwe?

Ikaenda hivyo raundi tatu, na zamu inarudi kila baada ya siku sita. Mimi niko Voi nakunywa soda baridi, najiona mtu.

Kisha Wakesho akanipigia.

"Mama amesema wazee wasikuje kwanza."

Nikauliza kuna nini.

"Anasema Mwakio anamwibia maji. Hata hawasalimiani. Lakini mimi nimeona zile SMS, Mutua. Hebu angalia hiyo kitu yako."

Niliangalia. Dakika tano zilitosha. Wakuu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Ronge. Nilianzia kwa Mwakio, nikamwambia kosa ni langu. Alinitazama tu, akarudi kwa ng'ombe wake. Nikashuka kwa mama nikiwa tayari kufungua laptop nimwonyeshe ule mstari.

"Funga hiyo," akasema. "Leo ni zamu yangu. Kaa hapo kwa mtaro, maji ikifika uniambie."

Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro mkavu. Robo saa. Nusu saa. Nilitamani kutoa simu lakini sikuthubutu. Mama alikuwa anapalilia karibu yangu. Safu nne za nyanya zilikuwa zimejikunja majani, na chini yake maua yaliyoanguka.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, si Mwakio. Ni mimi nimekukaushia nyanya."

"Najua. Wakesho ameniambia." Akaendelea kupalilia. "Maji ya simu yako inafika haraka. Hii ya kwetu inatembea."

Yalipofika yalikuwa ya kahawia, yamebeba majani makavu. Nikapiga kelele "Yamefika!" kama mtoto. Mama akatoa simu, akamflash Mama Mghoi, kisha akanigeukia.

"Miaka mbili unakuja hapa," akasema. "Leo ndio mara ya kwanza umekaa bila kutuonyesha kitu."

Akainama kuelekeza maji kwenye safu ya kwanza.

"Ambia wazee wako wakuje Jumamosi ya wiki ijayo. Na hiyo mashine ubaki nayo huko Voi."

Nilichojifunza: ukiipa alama kazi mpya, ijaribu kutoka pande zote mbili. Tulifundishwa shuleni kwamba ukigeuza namba, jumla ni ile ile, lakini namba hazilimi nyanya. Na ile flash niliyoicheka ndiyo iliyokuwa kipimo sahihi kuliko vyote mlimani. Mimi ndiye niliyeifuta, tena kwa projekta.

System bado ipo, ila sasa inasema "fungua" tu. Kufunga kunasubiri flash. Zile safu nne hazikupona. Nilizing'oa mwenyewe, mche mmoja mmoja, mama akinihesabia.

Semeni yenu, hasa mliowahi kujifanya wajuzi kwa wakwe. Na mwenye hekima anisaidie haraka: Jumamosi mama amemwalika Mwakio akae upande wa kina Wakesho. Wazee wakiulizwa kijana wao anafanya kazi gani, wajibu nini?