Komeo la Mlango wa Jikoni

Ilianza Ijumaa, saa nane na dakika arobaini mchana, katika maabara ya shule yetu, wakati kipande cha chuma kilipokuwa kikipitishwa kutoka meza hadi meza.

Aliyekileta alikuwa injinia mwanamke wa laini kubwa ya stima, ile inayopita milimani kwetu ikibebwa na minara. Mwalimu wa fizikia alimwalika aje atuambie sisi wasichana wa kidato cha tatu kwamba kazi hiyo hata sisi tunaiweza. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu muhula uanze. Maswali nilikuwa nayo tele kichwani, na nilijua sitauliza hata moja. Mimi nikisimama darasani, sauti yangu haifiki meza ya pili.

Alieleza kwa nini stima ya safari ndefu hupandishwa volti: mkondo unapungua, na waya haupotezi nguvu nyingi njiani kwa kupata joto. Kisha akasema zamani fundi alilazimika kupanda kila mnara kuukagua kwa macho, lakini siku hizi wanarusha droni, nayo inapiga picha mpaka ya nati moja moja. Akatuonyesha picha moja ukutani. Kwenye mguu wa mnara kulikuwa na duara jekundu.

"Hapa kulikuwa na chuma kama hicho mnachoshika," akasema. "Mtu amekifungua akaenda nacho. Kimoja kikitoka, wenzake wanabeba mzigo wake. Vikiendelea kutoka, ije mvua ya mawe na upepo wa huku kwenu, mnara mzima unalala."

"Hao ni watu wa Nyamira!" msichana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Kwani huku Kisii mko malaika?" akajibiwa, darasa zima likacheka.

Mimi sikucheka. Shule yetu iko upande wa Kisii, lakini kwetu ni ng'ambo ya mto, Nyamira. Na pembeni mwa ile picha, chini ya mnara, niliona majani chai, na katikati ya majani chai paa la bluu la zizi la ng'ombe. Lilikuwa zizi letu.

Halafu chuma kikanifikia. Kimekunjwa katikati kama kitabu kilichofunguliwa, kina matundu mwishoni, na kando ya matundu kuna namba iliyogongwa ndani ya chuma chenyewe. Nilipitisha kidole gumba juu yake. Kila jioni kidole hicho hupita juu ya namba kama hiyo, maana mimi ndiye ninayeweka komeo kwenye mlango wa jikoni. Siku zote nilidhani ni alama ya dukani.

"Madam, huyu hapa anataka kuwa injinia!" rafiki yangu tunayekaa naye meza moja akasema. "Anaogopa tu kuongea."

"Simama basi, injinia mwenzangu. Unatoka wapi?"

"Kiogoro," nikasema.

Kiogoro, upande huu wa Kisii, ndiko anakokaa shangazi yangu. Rafiki yangu aligeuka, akaitazama ile picha ukutani. Amewahi kulala kwetu. Hilo paa la bluu analijua. Aki, ni afadhali angenicheka.

"Sawa, wa Kiogoro," injinia akasema. "Kesho asubuhi tutakuwa kwenye mnara huu tukiutengeneza. Mwenye nafasi aje aone."

Nilifika nyumbani jua linashuka. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Ijumaa jioni sote huketi jikoni tuifungue Sabato kwa maombi. Alikuwa ameshaoga na kuvaa shati safi.

"Tata," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kigusii, "hili komeo lilitoka wapi?"

"Linazuia wezi. Unataka litoke mbinguni?"

"Ni la mnara."

Mama akainamia sufuria. Baba hakukasirika, alicheka.

"Mnara una mifupa mingi kuliko samaki. Nilitoa mmoja tu, wakati ule walipotuibia ng'ombe. Nikaukata kidogo ukatosha mlango. Na hiyo stima yao, tangu ianze kupita juu ya chai yangu, ni lini imetuwashia hata taa moja?"

"Mvua ya mawe ikija..."

"Imekuja mara ngapi? Umeuona ukilala?"

Nilifikiria njia ya kwenda kanisani, inayopita katikati ya miguu ya mnara huo, na watoto wanaopenda kusimama pale kusikiliza waya zikivuma. Baba akafumba macho, akaomba Mungu atulinde na kila mwizi. Nikasema amina. Kisha nikainuka, kama kila siku, nikaliweka komeo mahali pake.

Asubuhi nilivaa gauni la kanisani, nikatangulia kutoka kabla ya wengine, nikiwa na komeo mikononi. Nia yangu ilikuwa kuliacha chini ya mnara na kukimbia. Lakini mafundi walikuwa wamefika, wamefunga njia kwa kamba, na mmoja alikuwa juu tayari, amejifunga mkanda. Injinia aliniona.

"Si wewe wa Kiogoro?"

"Hapana. Natoka pale," nikasema, nikaonyesha paa la bluu.

Alilichukua komeo, akasoma namba, akalilinganisha na chuma kipya kilichokuwa kwenye nyasi. Letu lilikuwa fupi.

"Limekatwa. Hili haliwezi kurudi juu," akasema. Nikaona aibu upya, maana nilikuwa nimelibeba kama mtu anayerudisha kitu kizima. "Nani alilitoa?"

Nyuma yangu watu wa kanisa walikuwa wameanza kujaa kwenye kamba. Baba alikuwa mbele yao, na koti lake na Biblia, akiwasalimu. Aliliona komeo mikononi mwa mgeni. Akatazama juu, kama mtu anayekagua mawingu.

Injinia akateremsha sauti. "Mambo ya polisi si yangu leo. Nina mtu yuko juu pale. Aliyefungua hiki lazima aniambie alilegeza nati gani nyingine kabla fundi wangu hajazikanyaga. Unamjua?"

Mama, aliyesimama kando ya Baba, alinitazama, akatikisa kichwa polepole.

Nikageuka, nikamwita mbele ya kanisa zima: "Tata!" Yule fundi aliyekuwa juu alisikia, akaacha kupanda, akatazama chini.