Wageni Wasiopewa Tende

Mtu yeyote aliyewahi kuingia nyumba ya Awadh bin Jaifar kule Mabela, pembeni mwa Muscat, hata kama kaja kusoma mita ya maji tu, alitoka na tende tumboni. Hakuna aliyesalimika. Fundi wa viyoyozi alikula, dereva wa gari la taka alipelekewa nje kwa kisahani, na wakala wa bima aliyekuja kumsumbua mzee wa watu aliondoka na bakuli la halua kwapani. Fuala, yaani kahawa, tende na halua za kumkaribishia mgeni, haikuwa adabu tu katika nyumba ile, ilikuwa sheria, na aliyeitunga ni marehemu mkewe, Sayyida. Bibi yule alikuwa akisikia kengele ya mlango, sinia lishafika majlisi kabla mgeni hajavua viatu.

Sayyida alifariki miaka miwili iliyopita, sukari ndiyo iliyomchukua. Awadh akabaki na vyumba saba, paka mzee wa mkewe na mngurumo wa kiyoyozi. Mwanawe Khalil anaishi Al Amerat, nyuma ya milima, na huja kila Ijumaa na mkewe Atheer. Siku sita zilizobaki Awadh alikuwa akibishana na redio. Halafu paka naye akafa, juu ya meza ya daktari wa wanyama, na Awadh akabaki ameketi kwenye chumba cha kungojea, kikapu kitupu mapajani, hajui anyanyuke aende wapi. Hapo ndipo aliposikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu akiwa na miaka kumi na minane.

Ilikuwa sauti ya simbilisi wa mama yake, au ndivyo alivyodhani. Awadh alizaliwa Tabora, baba yake akiwa na duka la vitambaa, na mama yake alifuga simbilisi jikoni, nyuma ya tita la kuni, kama walivyofanya majirani wengi. Asubuhi kisu kikigusa tu ubao wa mboga, simbilisi wote walipiga mluzi kwa pamoja wakidai majani yao, na watoto wakaamka. Nyumba ile haikuwa na haja ya saa. Mwaka walioondoka kuja Muscat, wa 1972, Awadh ndiye aliyetumwa kuwagawa kwa jirani, watatu watatu ndani ya kikapu. Mama yake hakulilia nyumba wala duka, lakini kikapu cha mwisho kilipotoka mlangoni alikaa juu ya kinu akalia. Awadh ana miaka sabini na moja sasa, na akilisimulia hilo hulimalizia kwa shida.

Waliokuwa wakipiga mluzi pale kwa daktari hawakuwa simbilisi. Rufus, Mkenya wa Kakamega anayemsaidia daktari, alimsogezea tundu aone. Walikuwa wanyama wawili wa rangi ya kahawia, wakubwa kuliko panya, wadogo kuliko simbilisi, wenye macho meusi ya kung'aa na mikia mirefu iliyoishia na kishada cha nywele.

"Wanaitwa degu, mzee," alisema Rufus. "Kwao ni milimani huko Chile. Wenyewe walirudi Ulaya wakaacha hizi hapa. Ni wasichana, sisters."

"Wanakula nini?"

"Majani makavu, mzee. Majani, majani, halafu majani. Sukari mafi, hakuna kabisa. Mwili yao haiwezi sukari hata kidogo."

Awadh aliitikia kwa kichwa. Na kweli alisikia, ila alisikia kwa sikio moja, la pili lilikuwa Tabora.

Masharti ya kuwachukua hayakuwa mengi. Angekaa nao mwezi mmoja kwa majaribio, kisha Rufus angekuja kuwapima mkojo. Wakiwa wazima, Awadh angetia sahihi na wangekuwa wake. Wasipokuwa wazima, wangekwenda kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akiwangoja kwenye orodha.

Alianza kwa kiburi, kama wanavyoanza wastaafu wote. Akamwagiza seremala wa Seeb tundu la mbao ya msaji, lenye nakshi na kitasa cha shaba, mlango wake mdogo ukifanana na mlango wa nyumba ya wakubwa. Degu wale waliutazama mlango ule kwa siku moja, siku ya pili wakaanza kuula. Kufika Jumatano kulikuwa na shimo la kupita ngumi, na Awadh alimkuta mmoja wao juu ya takia, anachambua uzi wa dhahabu. Rufus alipopigiwa simu alicheka mpaka akaomba radhi. Akaja na tundu refu la chuma lenye ghorofa tatu, gurudumu la kukimbilia lisilo na nafasi za kunasa mguu, vijiti vya kutafuna, mfuko wa punje za chakula chao na bakuli la mchanga laini wa kuogea, maana viumbe hawa huoga vumbi, si maji. Akamwonya asiwashike mkia hata siku moja, ngozi ya mkia huchomoka wala haioti tena. Mwisho akauliza chumba gani kina ubaridi muda wote, hakipigwi jua, na hukaa watu.

Chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, majlisi. Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kwa sababu majlisi ni mahali pa wageni.

Awadh aliwapa majina ya miji ya kwake Tabora, Sikonge yule mnene, na Urambo yule mwenye ncha ya sikio iliyopasuka. Alijifunza mambo yao haraka. Asubuhi akiingia walipiga mluzi, na yeye alisimama mlangoni na kanzu yake ya kulalia, akiwa na miaka minane tena, akisikiliza. Alikuwa na furaha, tuseme tu ukweli, furaha ambayo hakuitarajia na iliyomtia haya kidogo.

Baada ya alasiri alikunywa kahawa mbele yao. Siku ya kwanza akala tende tatu, nao wawili wakasimama kwa miguu ya nyuma, mikono imeshika waya, wanamtazama. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu aliirudisha tende kwenye sahani. Mtu anakula peke yake mbele ya wageni, ndani ya majlisi ya Sayyida? Akakata kipande kama ukucha wa kidole kidogo akakipitisha kwenye waya. Sikonge alikipokea kwa mikono miwili, akakaa kitako, akala kwa utaratibu kama mtu mzima. Urambo naye alipokea, akanusa, akakiacha. Awadh akasema moyoni kuwa kidogo namna ile hakiwezi kuwa sukari, ni ukarimu tu. Kesho yake alikata tena, na tena, na kila siku Sikonge alimaliza chake na cha mdogo wake.

Wiki ya tatu chupa ya maji ilianza kuwa tupu kabla ya adhuhuri. Awadh akaijaza, na alasiri akaikuta tupu tena. Sikonge alikuwa amening'inia kwenye mrija wake, anakunywa, anapumzika, anarudi kunywa. Awadh akakaa chini kwenye zulia. Aliujua unywaji ule. Miaka mitano kulikuwa na jagi la maji upande wa kitanda cha Sayyida, na yeye ndiye aliyelijaza.

Rufus alipigiwa simu, akaja kesho yake. Akavua viatu, akasema "Shikamoo, mzee," salamu aliyofundishwa na Awadh mwenyewe kwenye majlisi ile ile, akala tende mbili kwa sababu sheria ni sheria, kisha akamweka Sikonge juu ya kigae kikavu mpaka akakojoa. Kijikaratasi cha kupimia alikitumbukiza pale. Kikageuka kijani, kikaendelea mpaka kahawia. Awadh hakuhitaji kuelezwa rangi zile maana yake nini.

"Mzee, umewalisha nini?"

"Majani. Na zile punje ulizoleta."

Rufus aliinama. Aliangalia sakafu ya tundu, na pale kwenye majani kulikuwa na ganda kavu la tende.

"Nnawapa tende," alisema Awadh. "Kidogo. Miye siwezi kula wao wananitazama."

"Lakini nilikuambia, mzee wangu."

"Uliniambia."

Rufus alisugua uso. Alikuwa kijana mpole, na kazi kama ile haikumpendeza. "Daktari atasema nirudishe wote wawili leo. Hii kitu ikiendelea macho yataingia ukungu, halafu ni kipofu, halafu khalas. Huyu mwingine yuko sawa, lakini huwezi watenganisha."

Awadh aliingiza mkono tunduni akaliokota lile ganda la tende. Kisha akasema jambo ambalo hata Khalil hakuwahi kulisikia.

"Mke wangu daktari alimkataza halua. Akinambia, 'Kidogo tu, Awadh.' Mtu kawakirimu watu umri wake wote, leo miye nimnyime kwake mwenyewe? N'kampa. Kila alasiri n'kimpa kwa mkono wangu. Niliona kumnyima ni kumvunjia heshima." Akamtazama Sikonge, aliyekuwa anajisugulia mchangani. "Nipe wiki mbili. N'kishindwa, n'tawaleta mwenyewe."

Rufus alimpa.

Sasa, mtu mwingine angehamishia tende jikoni akala huko kwa siri. Awadh alijijua. Alijua kuwa tende ikiwepo nyumbani, alasiri itamkuta ameikata. Akakusanya zote, za aina ya fardhi na za aina ya khalasi, na kopo la halua ambalo halijafunguliwa, akazipeleka kwa jirani yake Muatasim. Kisha, kwa sababu degu huruhusiwa kipande kidogo cha tango mara moja moja, akanunua matango. Atakachokula mgeni ndani ya majlisi kitakuwa ambacho wote waliomo wanaweza kula.

Fikiria basi watu wa Mabela wanakuja kumjulia hali Awadh bin Jaifar, na mbele yao linawekwa dele la kahawa na sahani ya matango. Muatasim alilitazama tango lake pande zote kabla ya kuliuma. Habari ikafika msikitini kabla ya Magharibi. Wengine walisema mzee kaingiwa na ubahili, wengine wakasema ni kichwa, wenye huruma wakasema ni upweke. Awadh alizisikia zote na zilimuuma, kwa sababu jina la nyumba ile alilijenga Sayyida kwa miaka arobaini, na yeye alikuwa akilibomoa kwa tango.

Khalil alipokuja Ijumaa alisimama katikati ya majlisi akaitazama sahani. "Baba, aib. Watu wanazungumza. Kwa sababu ya panya?"

"Si panya. Kaa ule."

Atheer, mkwe mwenye akili zake, alikaa akala.

Wiki mbili zilikuwa ndefu. Sikonge alisimama kila alasiri ameshika waya, anamtazama mzee, anapiga mluzi wa kudai chake, na Awadh alikunywa kahawa chungu huku akisema "Hapana, mwanangu" kwa sauti ya mtu anayejifunza lugha ukubwani. Alimpa majani makavu. Sikonge aliyatupa. Alimpa tena. Siku ya tisa akayala. Siku ya kumi na moja chupa ya maji ilifika jioni ikiwa na nusu yake, na Awadh akaenda kutia udhu huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Rufus alipima mara mbili ili awe na hakika. Kijikaratasi kilibaki na rangi yake. "Tuliwahi, mzee. Bado utampima kila mwezi, lakini tuliwahi." Akatoa fomu, Awadh akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa shule ya Tabora, na Rufus akala tango lake lote bila kulalamika.

Ijumaa iliyofuata Khalil aliingia akitabasamu, kopo kubwa la halua mkononi, bado ina moto. Alikuwa amekuja kumaliza aibu. "Khalas, baba, umeshatia sahihi. Leo tutakula vizuri." Akaliweka kopo sakafuni, akajimiminia gilasi ya maji, akainywa yote. Akamimina ya pili. Akizungumza habari za foleni ya njia ya Al Amerat alimimina ya tatu, na jagi likaisha.

Awadh alilitazama jagi. Kisha akamtazama mwanawe, shingo yake, mikono yake, fulana iliyokuwa imembana mwaka jana na sasa inapwaya. Alimtazama kwa jicho alilolipata kwa Sikonge, ambalo lingemfaa zaidi kama angelipata mapema.

"Khalil, mara ya mwisho umepima sukari lini?"

"Mimi? Mimi mzima, baba. Joto tu." Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kopo, kidole gumba kinafungua kifuniko. Harufu ya iliki na zafarani ikajaa majlisi, na kule juu ghorofa ya pili ya tundu Sikonge alisimama akanusa.

Awadh alinyoosha mkono, akakifunga kifuniko, akaliweka kopo nyuma ya mgongo wake.

"Kesho asubuhi tunakwenda kupima. Miye na wewe."

Khalil akacheka. Ana kicheko cha mama yake, na macho ya mama yake, na alipoinamisha kichwa upande kumbembeleza baba yake alifanana naye mno.

"Haya, kesho. Lakini leo kidogo tu, baba."

Neno lile Awadh alilijua. Akaivuta sahani ya matango akaiweka mbele ya mwanawe.

"Hapana," alisema.