Kobe wa Kisiwa cha Wanyama

Juzi niliona kobe wa majini amenaswa kwenye wavu pale mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, nikamkumbuka mdogo wangu Masanja.

Tukiwa wadogo, wiki ile tuliyomzika mama, mjomba alitupandisha boti kwenda kisiwa cha wanyama. Simba simkumbuki. Nakumbuka harufu ya petroli, na kichwa cha kobe kilichochomoza majini kisha kikazama.

"Dada, anakufa!" Masanja akalia.

"Ndiko kwao huko, wee!" nahodha akacheka.

Mjomba, asiyependa kungoja, akaomba tumsubiri kobe aibuke. Nilidhani amefurahi kama sisi. Sikujua kwamba kesho yake shangazi angemchukua Masanja kwenda kuishi naye Nansio, ng'ambo ya ziwa. Masanja akainama kuchungulia. Nikamshika shati kwa nguvu, nikidhani cha kuogopa ni maji tu.