Mama wa Kiti cha Nyuma

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitasimama. Haya niliyaona mwenyewe, saa tano kasoro asubuhi, jua limewaka, wala sikuwa na homa.

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Kwetu Korogwe, lakini mwaka wa tisa huu niko Kigali. Ninaishi Niboye, karakana yangu iko Kicukiro. Nikuambie ukweli, magari ya siku hizi hayanipi raha. Yote yana sura moja kama mayai kwenye trei, na ndani ni skrini tu. Gari la zamani lina uso. Kwa hiyo Mzee Anastase aliponiletea kobe wake, lile gari dogo la mgongo wa mviringo lenye injini nyuma, rangi ya maziwa, nilifurahi kama nimepewa mtoto nimlee.

Mzee huyu ni Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, mstaafu wa uwanja wa ndege, anaishi Kanombe. Gari alikuwa amelinunua juzijuzi, awe anawapeleka wajukuu zake kanisani.

“Fundi, nirudishie kama lilivyotoka kiwandani,” aliniambia. “Kitu cha kisasa hata kimoja sitaki humu ndani.”

Nikakubali. Gari halikuwa na mkanda wa kiti hata mmoja, na mimi sikuwaza mara mbili. Mikanda inaharibu sura ya ndani, au sivyo?

Ikaja Jumamosi ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi ambayo kila mtaa hutoka kufanya usafi. Tulifyeka majani mtaani kwetu, tukamaliza mapema, nikateremka kwa miguu hadi karakana. Unajua asubuhi hizo zilivyo: maduka yamefungwa, barabara tupu, unasikia viatu vyako mwenyewe. Nikafungua kufuli, nikasukuma mlango.

Ndani ya kobe, kiti cha nyuma, alikuwa amekaa mwanamke.

Niamini. Kufuli lilikuwa zima na ufunguo ninao mimi tu. Alivaa kitenge cha bluu na kitambaa kichwani, kama mama yeyote anayekwenda misa. Mkono wake wa kushoto alikuwa ameunyoosha pembeni, juu ya nafasi tupu, vile unavyomzuia mtoto dereva akikanyaga breki ghafla.

“Mama, umeingiaje humu?”

Naye akaniuliza: “Watoto watakaa hapa?”

“Ndiyo. Wajukuu wa mzee.”

“Mukanda iko wapi?”

Nami nikaanza kumweleza! Nikasema mwenye gari anataka libaki la asili, magari haya zamani yalikuwa hivi hivi. Akautazama ule mkono wake ulionyooka.

“Mkono inachoka, fundi,” akasema. “Mkono inachoka.”

Nilishika mlango wa gari nifungue. Kiti kikawa kitupu. Lakini sponji mpya niliyoitandika jana yake ilikuwa imebonyea pale alipokaa, na mbele ya macho yangu ikainuka polepole, mpaka ikawa sawa.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilitafuta mikanda mizuri, nikachukua drili, nikatoboa sakafu ya gari nipitishe bolti.

Jioni mzee akaja, akaona matundu.

“Umetoboa gari langu! Nilikuambia nini?”

“Uliniambia, mzee. Lakini bila mikanda sitakukabidhi.”

“Basi nalipeleka kwa mwingine.”

“Lipeleke. Ila kwanza mpigie aliyekuuzia, umuulize mwanamke wa kitenge cha bluu ni nani. Akisema hamjui, nitaziba matundu yote kwa mikono yangu.”

Akapiga, akaweka sauti ya nje ili nisikie nitakavyoaibika. Aliuliza huku anacheka.

“Muzehe,” yule bwana aliyeliuza akasema, “nani amekuambia habari za mama yangu?”

Akatusimulia. Wakati huo yeye alikuwa na miaka mitano. Walikuwa wakirudi misa, mama na mtoto nyuma, wakagongana na lori mteremkoni. Mama alimbana kitini kwa mkono wake. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Mama alirushwa nje kupitia kioo. Baba yake alilitengeneza gari, akalifungia gerejini miaka yote, na alipofariki, mwana huyu akaliuza bila kusema neno. Nani humuuliza muuzaji mambo kama hayo?

Mzee Anastase alikata simu. Akalizunguka gari mara moja, polepole, akasimama mbele yangu.

“Toboa na viti vya mbele,” akasema.

Huu ni mwaka wa tatu. Wapenzi wa magari ya zamani wengi wamenikimbia, wanasema naharibu. Sibishani nao. Gari halitoki kwangu bila mikanda, anayekataa achukue funguo zake aende. Na Jumamosi ya umuganda sifungui peke yangu tena.

Wewe unayetafuta gari la zamani, litafute, ni zuri, sikukatazi. Ila ukishamaliza kulipiga picha, uliza lilimbeba nani na lilimfikisha wapi. Ukiambiwa hakuna anayejua, usimpandishe mtoto wa mtu.