Upande Niliokalishwa

Jumamosi, tarehe 9 Novemba. Jua kali, upepo wa vumbi tangu asubuhi. Mawingu yalijikusanya upande wa Ihumwa, kisha yakaondoka bila kutoa hata tone.

Mjukuu wangu amekuja na kitabu cha kuwafundisha watu kushinda vikwazo na kupata nguvu za moyo. Aliketi mbele yangu, akakifungua anisomee. Kabla hajafumbua kinywa nikamsomea mimi mistari mitatu, kutoka upande wangu, maandishi yakiwa kichwa chini miguu juu.

"Bibi! Nani alikufundisha hivyo?"

Nilicheka tu. Sasa naandika, ingawa sijui kama naandika vizuri. Shule yangu ilikuwa ya miaka mitatu.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, kabla ya vita. Shule ya misheni kijijini kwetu ilikuwa kibanda cha nyasi, na kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto saba. Mwalimu alikiweka chini juu ya ngozi ya ng'ombe, akaonyesha herufi kwa unyasi. Wavulana walikaa upande ulio sawa. Mimi, msichana peke yangu, nilikalishwa upande wa juu wa kitabu. Tuliinama vichwa vikigusana, vinanuka mafuta ya nyonyo na udongo mwekundu, na mavumbi ya ng'ombe yakituingia puani. Herufi nilizozishika ni hizo nilizoziona. Sikujua kama zina upande mwingine.

Baba hakutaka niende shule. Uwele ulikuwa unakomaa, na kazi yangu ilikuwa kuamia ndege shambani, kupiga kelele na kurusha mawe tangu alfajiri. Alisema, "Siku ya mtihani ukisoma, utaendelea. Usiposoma, ndege wanakungoja."

Siku hiyo akaja Mzungu wa misheni, akapewa kiti cha pekee. Wazazi walisimama mlangoni. Mwalimu akanipa kitabu mkononi, kikiwa sawa kama alivyokishika yeye. Nikatazama. Wallahi, sikuona hata herufi moja niliyoijua. Nikamwona baba anatazama shamba.

Nikakigeuza, nikaanza kusoma.

"Anasoma kama popo!" mvulana mmoja akapiga kelele. Wote wakaangua kicheko.

"Geuza kitabu!" Mwalimu akasema. "Unanifanyia mzaha mbele ya mgeni?"

Akakigeuza kwa mkono wake. Nikakirudisha. Akageuza tena, nikarudisha tena.

"Mwalimu, hivi ndivyo ulivyonifundisha."

Nikasoma ukurasa wote mpaka mwisho, machozi yakidondoka na sauti ikipanda. Nilichapwa viboko viwili mkononi. Kaka yangu husimulia kuwa vilikuwa vinne, lakini mkono ulikuwa wangu.

Mzungu akauliza, "Huyu huwa anakaa wapi?" Mwalimu akaonyesha upande wa juu wa ngozi. Angeweza kusema uongo, na nani angembishia? Hakusema. Lazima niliandike hilo pia. Kesho yake akanihamishia upande wa wavulana, na yule aliyeniita popo akapelekwa upande wangu. Alidumu siku mbili, akaomba msamaha.

Baba naye alitimiza neno lake. "Amesoma, amesoma," alisema. "Ndege nitawaamia mwenyewe." Wasiwasi ulibaki kwa bibi yangu. Alipenda kusema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, lakini jioni ile alinitazama akatikisa kichwa: "Wewe mtoto umekula na kamba."

Kitabu cha mjukuu wangu kinasema kikwazo kikubwa kiko ndani ya mtu. Kwa wengine huenda ni kweli, sibishi. Changu kilikuwa mahali nilipokalishwa, na aliyenikalisha alikuwa mtu. Ndani yangu hapakuwa na kasoro. Nimechelewa sana kulisema, basi nalisema leo.

Kibanda kile kilianguka, pakalimwa mtama. Mwalimu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, hakurudi, na sikuwahi kumwambia kuwa sina kinyongo. Kitabu kililiwa na mchwa. Leo kila mtoto ana chake, na siwezi kuitamani dhiki ile. Lakini vile vichwa saba vilivyogusana, vikinong'ona herufi moja kwa pamoja, sijavisikia tena popote.

Jioni tumekula ugali wa uwele na mlenda wenye karanga. Mkwe wangu alinipakulia kidogo, ati mzee hali sana usiku. Nikavuta chungu, nikajipakulia mwenyewe.