Namba Iliyokataa Kushuka

Nilikuwa nasomea shahada ya pili hapa Kakamega. Kazi yangu ilikuwa kupima jinsi maji ya chumvi yanavyopitisha umeme yakipata joto kali na kubanwa kwa nguvu, kama yalivyo chini sana ardhini. Tuliyafungia ndani ya mtungi wa chuma mnene, tukautia kwenye tanuri. Waya mbili ziliingia ndani kupitia kizibo cha kauri.

Mtungi aliuchonga fundi wetu wa maabara, mzee wa Khayega asiye na maneno mengi. Yeye ndiye aliyepanga magunia ya mchanga tujikinge nyuma yake. Lakini kutoka kule mita ya kupimia umeme haikusomeka vizuri, kwa hiyo siku ile nilivuta kiti nikakaa mbele.

Alasiri joto lilipita nyuzi mia tatu hamsini. Nilitarajia namba ianze kushuka, maana ndivyo maji ya chumvi yanavyofanya yakifika huko. Ikapanda. Ikapanda tena. Nilimwandikia msimamizi wangu: "Mwalimu, nimepata kitu kipya."

Fundi aliingia, akatazama mita, kisha geji ya shinikizo.

"Dada, geji imeteremka."

"Kidogo tu, mzee."

"Chumvi haipandangi hivyo. Maji yanapenya kwa kizibo. Toka hapo."

"Nipe dakika tano."

Hakubishana. Alizima tanuri, akanishika kiwiko, akaniketisha chini nyuma ya magunia.

Tulisikia mlio mwembamba, kama wa mbu. Kisha mvua ikapiga mabati, hatukusikia chochote tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kila nilipotaka kuchungulia, alinikandamiza bega. Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa pia nimelowa jasho mgongo mzima.

Mtungi ulichukua zaidi ya saa mbili kupoa. Alipoufungua, kizibo kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na chumvi nyeupe imeganda kuufuata. Umeme ulikuwa ukipita hapo, kwenye ule ufa. Ufa wenyewe ulielekea kiti changu.

Nilitoka hadi barazani nikampigia msimamizi.

"Mwalimu, ule ujumbe niliokutumia si kweli. Kizibo kilipasuka."

Akauliza kwanza:

"Wewe uko salama?"

Fundi alikuwa amenifuata nje. Alichukua simu mkononi mwangu, akasema, "Yuko salama. Analia kidogo."